Mtoto akiugua sana: mwongozo kamili wa kumuuguza na kuisaidia familia yake

Wiki ile mpwa wangu alipogundulika ana saratani ya damu, simu ya dada yangu ilipokea ujumbe wa namna moja mara nyingi hadi akaacha kuufungua: "Mkihitaji chochote, mniambie." Wote walioandika walimaanisha, na hakuna aliyeambiwa kitu. Mtu aliyekesha siku tatu kando ya kitanda akihesabu matone ya dripu hana tena nafasi kichwani ya kukaa na kuwagawia watu kazi. Aliyesaidia kweli wiki ile ni jirani mmoja aliyeandika hivi: "Nitafua nguo zenu kila Jumatano na Jumamosi. Wekeni kapu nje ya mlango saa moja asubuhi. Msinifungulie, msinishukuru." Alifua kwa miezi saba.

Karibu yote ninayoyajua kuhusu kuisaidia familia inayouguza yanaanzia kwenye kapu lile. Msaada unaofaa una siku, una saa, na una mtu mmoja aliyeubeba. Nimewaandikia wazazi, lakini zaidi nawaandikia wenzangu tunaosimama pembeni: wajomba, shangazi, walimu, marafiki. Palipo na mambo ya tiba nimeandika yale yanayofuatwa kwa kawaida. Timu inayomtibu mtoto wako ikisema tofauti, fuata timu.

Siku ya kupewa majibu

Daktari akishataja jina la ugonjwa, mzazi hasikii tena. Maneno yanayofuata yanampita tu. Kwa hiyo wazazi wasiende peke yao siku hiyo. Aende nao mtu wa tatu ambaye kazi yake ni moja tu, kuandika. Anunue daftari gumu, moja, na ndani yake yaingie kila kitu kuanzia siku hiyo: majibu ya vipimo, majina ya dawa na vipimo vyake, tarehe za kliniki, namba za simu. Karatasi za kupachika hapa na pale hupotea usiku ule ule zinapohitajika.

Maswali ya kuuliza siku hiyo si mengi. Ugonjwa unaitwaje kwa jina lake kamili? (Saratani ya damu ni familia ya magonjwa, na kila moja lina tiba yake.) Tiba inalenga kuponya, au kupunguza makali? Itachukua muda gani? Dalili zipi zikitokea tusisubiri asubuhi? Na nje ya saa za kazi tumpigie nani? Kabla ya kuinuka kwenye kiti, aliyeandika aseme: "Naomba nirudie nilivyoelewa." Ni hapo ndipo utakapogundua kwamba mmesikia mambo mawili tofauti.

Wazazi wanahitaji pia kusikia kwamba saratani ya mtoto si hukumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Tofauti hiyo inatokana na ugonjwa kuchelewa kugunduliwa, dawa kukosekana, na familia kuacha tiba katikati ya safari. Sababu hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu sisi wenye makapu. Anayeacha tiba mwezi wa tano hajaacha kumpenda mwanawe. Nauli imekwisha, kazi inaponyoka, na hakuna wa kubaki na watoto wengine.

Kuna na mtego mwingine. Katika saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto, mara nyingi baada ya mwezi hivi wa dawa vipimo vya kawaida havioni tena seli mbaya. Mtoto anacheza, anakula, na ndugu wanaanza kusema amepona. Tiba bado. Seli zisizoonekana zimebaki, na matibabu huendelea miaka miwili hadi mitatu, sehemu kubwa ikiwa vidonge vya kumezwa nyumbani. Vidonge vinavyorukwa "leo tu" ni katika mambo yanayourudisha ugonjwa.

Kumwambia mtoto

Watu wazima wengi huanza kwa kuficha. Wanatoka nje kuongea, wanaita ugonjwa "kale kahoma", wanafuta machozi kabla ya kuingia. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner alikaa na watoto wenye saratani ya damu katika wodi moja huko Marekani, wengine wakiwa na miaka mitatu au minne tu, na akaona kwamba walijua hali yao hata pale ambapo hakuna aliyewaambia. Walijua na kunyamaza, kwa sababu waliona wakubwa hawataki waulize. Ukimficha mtoto, basi, anabaki na habari ile ile ila bila mtu wa kuizungumza naye.

Mpwa wangu alikuwa na miaka sita. Dada alikaa naye kitandani akamweleza kwamba ndani ya mifupa kuna kiwanda cha damu, na kiwanda hicho sasa kinatengeneza chembe zisizofaa, nyingi mno, na ugonjwa huo unaitwa lukemia. Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akanong'ona: "Ni kwa sababu nilikuwa nameza dawa ya meno?" Kumbe alikuwa na hofu hiyo tangu sindano ya kwanza, wiki mbili nzima.

Kwa hiyo, mambo matatu yasikose kwenye mazungumzo ya kwanza: jina halisi la ugonjwa, kwamba hakuna alichofanya, kusema wala kuwaza kilichouleta (wala hauambukizi), na kitakachotokea kesho na keshokutwa. Mengine yafuate maswali yake. Akiuliza jambo zito, mrudishie kwanza: "Wewe unafikiriaje?" Mara nyingi swali linalokutisha lina jambo dogo ndani yake, kama vile nani atalala naye usiku.

Mtoto wa chini ya miaka mitano anataka kujua mama au baba atakuwepo, na je itauma. Wa shule ya msingi anataka maelezo ya mwili, na mchoro humsaidia kuliko hotuba. Kijana wa balehe anahitaji kupewa nafasi ya kuongea na daktari bila wazazi kuwepo. Ana maswali ya nywele, ya marafiki na ya mapenzi ambayo hatayasema mbele ya baba yake. Kwa huyu, muulizeni daktari kabla ya dozi ya kwanza kama tiba inaweza kuathiri uzazi na kama kuna la kufanya. Baada ya dozi nafasi hiyo huenda imepita.

Usimwahidi "utapona". Sema unachoweza kukitimiza: "Madaktari wanaijua dawa ya ugonjwa huu, na kila siku ya dawa mmoja wetu atakuwa hapa." Na usimsemee. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na hakuna jambo linalomhusu kuliko mwili wake.

Sindano

Watoto wengi watakuambia saratani si mbaya kama sindano. Hapa ndipo mzazi mwenye mbinu anapoleta nafuu ya siku hiyo hiyo.

Ulizeni kama kuna krimu ya ganzi. Hupakwa kama saa nzima kabla, kwenye ngozi isiyo na kidonda, ikafunikwa. Mwambie mtoto mdogo dakika chache kabla, na mkubwa umwambie tangu jana yake. Usiseme "haiumi". Sema: "Itauma kidogo, tutahesabu pamoja mpaka ishirini." Mkalishe mapajani, kifua kwa kifua, mkono wake mmoja ukipita chini ya kwapa lako hadi kwa muuguzi. Mtoto aliyelazwa chali akashikwa na watu wanne hujifunza hofu itakayomfuata kila kliniki, ilhali aliyekumbatiwa akiwa wima hutulia upesi. Mtoto anyonyaye, mnyonyeshe wakati ule ule.

Mpe uchaguzi wa kweli: mkono wa kulia au wa kushoto, atazame au asitazame, apulize mapovu au asimuliwe hadithi. Usimuulize "uko tayari?" kama jibu la "hapana" halitaheshimiwa. Aongee mtu mmoja. Chumba chenye sauti tano zinazobembeleza kinatisha kuliko sindano yenyewe.

Ikiisha, msifu kwa alichofanya: "Mkono uliutuliza mpaka mwisho." Usimsifu kwa kutolia. Kulia kunaruhusiwa, na atakayesifiwa kwa kutolia ataanza kukuficha na maumivu mengine.

Homa haisubiri kukuche

Sehemu hii iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari. Tibakemikali (kemo), yaani dawa za kuua seli za saratani, hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi, na bila hizo maambukizi madogo yanaweza kuua ndani ya saa chache. Joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto aliye kwenye dawa hizo ni safari ya hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku na hata kama anacheka. Usimpe parasetamoli kwanza "tuone kama itashuka", maana itashusha namba na kuacha maambukizi. Usimpime wala kumwekea dawa njia ya haja kubwa. Usimpe aspirini bila agizo la daktari. Ukifika mapokezi usikae kwenye foleni kimya. Sema kwa sauti: "Mtoto huyu yuko kwenye kemo na ana homa."

Mtoto mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) naye akipata homa ni dharura, na vivyo hivyo mwenye mrija wa dawa uliobaki kifuani.

Mkoba uwe umefungwa karibu na mlango: daftari, kipimajoto, chaja, nguo za siku mbili, nauli. Akikutana na mwenye tetekuwanga au surua, ijulisheni timu siku hiyo hiyo. Chanjo zenye virusi hai hapewi akiwa kwenye tibakemikali, lakini ndugu zake nyumbani ulizeni chanjo zao zikamilishwe, kwani ndio ngao yake. Na dawa za mitishamba, ndugu zangu: kama mnampa, semeni. Sisemi hivi kuwakaripia. Baadhi yake zinagombana na dawa za hospitali, na daktari asiyejua ataubadilisha mpango kwa sababu isiyo sahihi.

Kuwapanga watu

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunaouona kwa mbali tunaudhani mwepesi, na ndiyo maana tunajitokeza kwa wingi wiki ya kwanza na kutoweka wiki ya nne. Dawa yake ni ratiba.

Ateuliwe mratibu mmoja, asiwe mzazi. Yeye ndiye anayepokea simu zote za "mgonjwa anaendeleaje", anayeandika taarifa moja fupi kwa wiki baada ya wazazi kuikubali, na anayejua nani anafanya nini. Akae na familia nusu saa waorodheshe kazi zilivyo: kufua, kupika, kuwapeleka wadogo shule na kuwarudisha, kulipia umeme, kukaa wodini usiku mmoja kwa wiki ili mama akalale. Kila kazi ipewe mtu na siku. Wachache wawekwe akiba kuanzia mwezi wa nne, kipindi ambacho wengine wote wamerudi kwenye shughuli zao na tiba ndiyo kwanza imechanganya.

Ukiwa unaandika ujumbe wa kutoa msaada, andika unaoweza kujibiwa kwa neno moja au kutojibiwa kabisa. "Kesho saa kumi na mbili jioni naleta chakula cha watu watano, nitakiacha kwa mlinzi" ni msaada. "Nifanye nini?" ni kazi nyingine umempa.

Pesa itoeni bila kusubiri kuombwa, na semeni ni ya nini: "Hii ni nauli ya kliniki nne." Pesa yenye jina haimwaibishi anayeipokea. Na kama kuna mchango wa hadhara, picha ya mtoto akiwa kipara na mirija isitumwe bila yeye kuulizwa. Picha hiyo itamkuta akiwa na miaka kumi na sita.

Ukienda kutembelea, hakikisha huna mafua, nawa mikono, kaa dakika ishirini. Usilete kisa cha mtu uliyemjua aliyekuwa na ugonjwa kama huo, hasa kama alikufa. Usiseme "kila jambo lina sababu yake" wala "uwe na nguvu". Mama anayeambiwa awe na nguvu anaelewa kwamba hana ruhusa ya kulia mbele yako. Sema "pole", kisha kaa. Ukimya wa mtu aliyekaa unatosha.

Ndugu zake

Hawa ndio wanaosahaulika. Kaka wa mpwa wangu, miaka tisa, alianza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Hakuna aliyemuuliza lolote kwa wiki nne, mpaka mwalimu wake alipogundua kwamba Jumatatu ndiyo siku mama yake anayoondoka kwenda kliniki.

Ndugu wa mgonjwa huogopa kwamba wao ndio waliosababisha, kwamba nao wataugua, na wanaona wivu kisha wanajichukia kwa kuona wivu. Waambieni yale yale matatu aliyoambiwa mgonjwa. Wapelekeni wodini mkiruhusiwa, kwa maana wanayoyabuni vichwani ni mabaya kuliko wanayoyaona. Awepo mtu mzima mmoja, yule yule kila wiki, ambaye ni wao tu: anawatazama wakicheza mpira, anakagua madaftari, haulizi habari za mgonjwa. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na nakiri niliianza kwa kuchelewa.

Wanaouguza

Mmoja atataka kuongea kila usiku, mwingine atajichimbia kazini. Msisome hapo upungufu wa mapenzi, ni namna mbili za kubeba kitu kimoja. Wekeni zamu za kulala zilizoandikwa. Kulala saa sita mfululizo mara mbili kwa wiki kunazuia makosa ya dozi kuliko nia njema yoyote. Mzazi asiyelala kabisa hata akipata nafasi, au anayesema afadhali asingekuwepo, apelekwe kwa daktari wake mwenyewe wiki hiyo hiyo.

Shule nayo isiachwe. Mwalimu apewe maelezo mafupi, na kabla mtoto hajarudi darasani akubaliane naye kipi kisemwe kwa wenzake. Masomo ya nusu saa kitandani humwambia mtoto kwamba kuna mwakani.

Tiba ikishindwa kuponya

Huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, isisubiri hapa. Inafaa ianze tangu ugonjwa mzito unapogunduliwa, sambamba na tiba ya kuponya, kwa kuwa kazi yake ni maumivu, kichefuchefu, usingizi na hofu. Wanaoiita "kukata tamaa" hawajawahi kumwona mtoto akilala usiku mzima baada ya siku kumi za kulia.

Maumivu makali yana dawa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2012 liliondoa kodeini (dawa ya maumivu ya kati) kwenye ngazi ya dawa za maumivu ya watoto wenye ugonjwa usiokwisha, ikabaki ngazi ya hatua mbili: dawa nyepesi, kisha morfini. Morfini ya kunywa hutolewa kwa saa zilizopangwa bila kusubiri mtoto alie. Hofu ya uraibu huwafanya wazazi wapunguze dozi kimyakimya. Msifanye hivyo, zungumzeni na timu. Ombeni dawa ya kulainisha choo siku ile ile morfini inapoanza, kwani kufunga choo karibu hakukosi. Na mtoto aliyetulia tuli, asiyecheza wala kutazama, huenda hajapata nafuu. Huenda kutikisika kunamuuma.

Je, mzungumze naye kuhusu kifo? Utafiti uliofanywa Uswidi na kuchapishwa mwaka 2004 uliwauliza wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani. Kati ya 147 waliozungumza na mtoto wao kuhusu kifo, hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta, hasa wale waliohisi mtoto alikuwa anajua. Si lazima iwe kikao. Inaweza kuwa mchoro wake, ndege aliyekufa uani, au swali la nani atachukua baiskeli. Swali hilo la baiskeli lijibu kwa uzito wake. Usitumie "kulala" wala "kusafiri" kwa maana ya kufa, maana ndugu zake wadogo wataogopa kulala, na baba akisafiri watalia.

Ulizeni mapema: nyumbani au hospitali, nani awepo, nani apigiwe simu kwanza. Yaandikeni kwenye daftari lile lile.

Baadaye

Mtoto akimaliza tiba, watu hushangilia na kuondoka. Kwa wazazi wengi huo ndio mwanzo wa hofu, kwa kuwa dawa zilikuwa ukuta na sasa umeondolewa. Kila michubuko wanaihesabu. Ratiba ya msaada ipunguzwe polepole kwa miezi mitatu, na mtu aendelee kuwasindikiza kliniki za uchunguzi, maana siku za kusubiri majibu ndizo ndefu kuliko zote.

Mtoto akifariki, lishike jina lake na ulitaje. Watu hukwepa kulitaja wakidhani watamkumbusha mama, kana kwamba amesahau. Weka tarehe mbili kwenye simu yako, ya kuzaliwa na ya kufariki, zijirudie kila mwaka. Zikifika, usiulize kama wameshazoea. Andika: "Leo nimekumbuka alivyokuwa akivaa viatu vya baba yake na kuvizungusha ndani. Jumamosi saa nne napita hapo na kapu. Kama hamtaki watu, liacheni nje, nitalikuta."